Mnamcheka Staa kwa Plastiki ya Mezani, Kwani Kwenu Mnalia Hewani?

 

Sasa tuje kwenye hili la wiki. Najua wengi wenu mmeiona ile picha, na kama hukuiona basi bando lako liliisha tangu Jumatano. Kuna mwigizaji wetu mmoja wa kike, jina kapuni maana sina hela ya wakili, aliweka picha ya mwanaye akikata keki nyumbani. Keki nzuri, mtoto anacheka mpaka pengo linaonekana, bibi yake kakaa pembeni na kanga yake mpya. Mimi nikaona ni picha ya furaha tu.

Lakini watu wa mjini hawakumwona mtoto. Waliona meza. Meza ya chakula ilikuwa imetandikwa ile plastiki ya maua, ya kufuta kwa kitambaa, na viti vimevalishwa reksini ya kahawia. Basi ikawa ndiyo habari. "Pesa yote ile bado anatandika mpira mezani?" "Hapo ni kwa staa au kwa mama ntilie?" Mwingine akauliza kama kuna ugali maharage. Watu wakacheka siku mbili nzima. Jumamosi asubuhi picha ikafutwa, na jioni ikaja nyingine: meza ile ile, iko mtupu, vioo vinang'aa, chungu cha maua katikati, hakuna mtoto wala bibi.

Hapo ndipo nilipoumia, jamani. Kumcheka staa ni kawaida yetu, na yeye mwenyewe anakula kwa jina. Kilichoniuma ni kwamba alifuta. Kwa sababu namjua mwanamke aliyewahi kuona haya kwa kitu hicho hicho ndani ya nyumba yake, na haya yake ikamfanya mama yake mzazi ajifungie chumbani wiki tatu. Mwanamke huyo ni mimi.

Ngoja niwasimulie, halafu mtanicheka mkimaliza.

Mimi nakaa nyumba ya kupanga hapa hapa Dar, vyumba viwili na sebule, na watoto wawili. Miaka kadhaa nyuma nilicheza mchezo na wenzangu wa kazini, zamu yangu ilipofika nikasema sasa na mimi nitoke kwenye viti vya plastiki. Nikaenda nikanunua seti ya makochi ya kitambaa, rangi ya maziwa. Nilikuwa nimeyaona kwenye ukurasa wa mtangazaji mmoja maarufu, naye jina kapuni, nikasema na mimi nitafanana naye. Yalipoingia ndani, nilisimama mlangoni nikayaangalia kama dakika kumi. Watoto nikawaambia: hapa hakuna kula, hakuna kuruka, hakuna kalamu, na ukitoka nje kucheza unapitia bafuni kwanza.

Yaani nilinunua makochi nikawa mlinzi wa makochi.

Mwezi wa tano yake, mama yangu akapata kiharusi huko nyumbani. Akatibiwa, akaruhusiwa, nikamchukua aje kukaa na mimi. Upande wake mmoja ulikuwa umelegea, anatembea kwa kushikiliwa, na haja ndogo ikawa wakati mwingine inamtoka bila taarifa. Tulikuwa tunamvalisha pempasi za wakubwa, lakini aliyewahi kuuguza anajua bei yake, na anajua pia kwamba zinavuja.

Siku moja ya Jumapili wakaja wageni, watu wa jumuiya, kumwangalia mgonjwa. Mama nikamkalisha kwenye kochi katikati yao, kapendeza, anaongea vizuri. Wageni walipoinuka kuaga, yeye hakuinuka. Nikadhani amechoka. Nikamwambia, "Mama, wageni wanaondoka, tuwasindikize hata kwa mkono." Akaniangalia tu. Ndipo nikaelewa.

Wageni hawakusema neno. Ni mimi niliyeharibu. Walipotoka tu nikakimbilia ndoo na sabuni, nikaanza kusugua lile kochi kwa hasira, narudia "jamani kochi langu, jamani kochi langu", na mama amesimama pale pale ameshikilia ukuta, bado hajabadilishwa nguo. Nilisugua kochi kabla ya kumbadilisha mama yangu. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili, lakini leo naiacha.

Na doa halikutoka. Sponji likinywa, limenywa. Harufu ikabaki ndani, ukifungua dirisha inapungua, jua likipiga inarudi.

Kuanzia kesho yake mama hakukaa tena sebuleni. Nikimwita aje kuangalia taarifa ya habari anasema, "Niache mwanangu, huku napata upepo." Chumba chenyewe dirisha lake linaangalia ukuta wa jirani, hakuna upepo wa kumpepea hata nzi. Wiki tatu anakula huko, anasali huko, wajukuu wanamfuata huko. Na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nilipata nafuu kidogo, kwa sababu kochi lilikuwa linakauka.

Dawa ya jambo hili sikuiona kwenye ukurasa wa mtu maarufu. Niliiona chini ya kabati langu. Siku hiyo nilikuwa natafuta shuka, nikakuta ule mpira wa kujifungulia. Kina mama mnaujua: ukikaribia kujifungua, orodha unayopewa kliniki ina pamba, glovu, kanga na mpira, wengine wanauita makintoshi. Huo mpira ulinipokelea watoto wawili. Baadaye uliwekwa chini ya shuka la mtoto, baadaye kwenye kiti cha kunyolea nywele, na bado mzima. Nikaukalia chini nikawaza: hivi mtu anazaliwa juu ya kitu cha kufuta, mgonjwa hospitalini analazwa kwenye godoro la kufuta, abiria anakaa kwenye siti ya daladala ya kufuta, mbona nyumbani kwangu kinaitwa aibu?

Nikapiga simu kwa fundi mmoja wa Keko. Nikamwambia nina kiti kimoja nataka kukivua kitambaa nikivalishe reksini. Akauliza, "Dada, kimoja tu? Seti haitapendeza." Nikamwambia fundi, wewe njoo.

Tuliondoa sponji la kukalia lililokuwa limeharibika, tukaweka jipya. Reksini nilikwenda kuichagua mwenyewe Kariakoo, rangi ya kahawia iliyokoza, mita tatu, na ikabaki kipande. Vifaa na ufundi vyote havikufika hata robo ya bei niliyonunulia ile seti. Fundi alinishauri jambo moja la maana sana: mshono usipite katikati pale mtu anapokalia, maana maji hayapiti kwenye reksini, yanapita kwenye tundu za sindano. Akakata kipande kizima cha kukalia, mishono yote ikaenda pembeni na chini.

Juu yake nikatandika kanga ya mama mwenyewe, iliyokunjwa mara mbili. Kikitokea cha kutokea, kanga inakwenda kwenye beseni, kiti kinafutwa kwa maji ya sabuni, kinakaushwa, dakika tano mambo yamekwisha. Hakuna aliyejua, hakuna aliyesimama ameshikilia ukuta.

Siku ya kwanza alikagua kile kiti kwa mkono wake mzima, akakipapasa pande zote. Hakusema asante wala nini. Alisema, "Hiki kinateleza." Halafu akakaa, akaomba rimoti. Mpaka leo ndiyo kiti chake, na mgeni akikikalia anaambiwa asogee.

Kwa hiyo wapendwa, mnapomcheka mtu kwa plastiki ya mezani na viti vya reksini, mimi swali langu ni moja. Pale kwenye ile picha bibi alikuwa amekaa mezani na mjukuu wake anakata keki. Kwenye picha ya pili bibi hayupo. Mnajuaje kama ile plastiki siyo iliyomfanya bibi akae pale kwa raha, mkono ukitetemeka, chai ikimwagika, na asisikie mtu akivuta pumzi?

Maoni yangu ndiyo haya, na nitayasimamia: kwa nyumba yenye watoto, wazee, mgonjwa, au kipato cha kuungaunga, vitambaa vya kufuta ni pambo la akili. Na mwenye aibu anatakiwa kuwa yule anayenunua kochi ambalo watu wake hawawezi kulikalia.

Najua hoja zenu. Nianze na ya kwanza, kwamba ni ushamba, kunafanya nyumba ifanane na mgahawa. Kweli, ukitandika ile nyembamba kama mfuko, yenye matunda makubwa mekundu, ukaikata kwa mkasi butu ikaning'inia upande mmoja, nyumba itafanana na kibanda. Lakini kosa hapo ni la uchaguzi. Siku hizi kuna rangi tulivu, kuna za mistari, kuna zenye sura ya kitani, kuna nyeupe zenye maua madogo. Chukua rangi moja inayoendana na pazia au zuria lako, kata kwa kipimo cha meza na nyongeza ya kama shibiri moja kila upande, pindisha kona chini. Utaona kama mgeni ataikumbuka mama ntilie. Na hata akimkumbuka, mama ntilie amekulisha miaka mingapi?

Hoja ya pili ni joto. Hii nakubali. Dar yetu hii ukikaa na gauni fupi kwenye reksini mwezi wa pili, ukiinuka unasikia ngozi inabanduka. Ndiyo maana nikasema kanga juu. Shuka jepesi la pamba au vile vitambaa vya kufuma vya mama zetu vinafaa pia. Watu walikuwa wanacheka vitambaa vya makochi, kumbe mama zetu walishamaliza hesabu zamani: cha juu kinafuliwa, cha chini kinafutwa, kochi linaishi.

Hoja ya tatu, kwamba vinachakaa vibaya, vinabanduka kama magamba. Hapa ndipo watu wengi wanaliwa hela kwa kutojua wanachonunua, kwa hiyo tukae kidogo.

Dukani utakuta aina nyingi na muuzaji zote anaziita "hizi za kufuta". Ya kwanza ni nailoni nzito inayoonyesha upande wa pili, inauzwa kwa mita. Hii kwangu ndiyo mfalme wa bajeti. Tandika kitenge chako kizuri mezani, juu yake laza hiyo nailoni. Umepata meza yenye pambo la kitenge na inafutika. Ukichoka na kitenge, unabadilisha kingine, nailoni ile ile. Hakuna cha kushona, hakuna cha fundi.

Ya pili ni plastiki ya mezani yenye maua, nyuma ina manyoya laini au kitambaa chepesi. Ile ya nyuma ndiyo inayozuia isiteleze na isichanike. Ukikuta ya bei chini sana, igeuze. Kama nyuma hakuna kitu ni plastiki tupu, itapasuka kwenye kona za meza.

Ya tatu ni kitambaa cha pamba chenyewe ambacho juu kimebandikwa utando mwembamba wa plastiki. Hiki ni laini, kinakunjika kama nguo na kinashoneka kwa cherehani ya kawaida. Ndicho kizuri kwa foronya za mito ya jikoni, bibu za watoto, aproni, mfuko wa vifaa vya kuogea, pazia dogo la chini ya sinki. Bei yake imechangamka kuliko ya mezani, kwa hiyo nunua kidogo kwa kazi maalumu.

Ya nne ni reksini, nzito, kwa viti na makochi. Hapa kuwa makini. Kuna zile zinazoitwa "leza" ambazo ni kitambaa kilichopakwa ngozi nyembamba ya plastiki ya poliurethani. Dukani ni laini sana, zinavutia mkono. Lakini zile za ubora wa chini, kwenye joto na unyevu kama wa pwani yetu, ngozi ile huoza taratibu na kubanduka vipande vipande, hata kama hukuikalia sana. Reksini ya PVC ni ngumu kidogo kwa mkono lakini inavumilia unyevu zaidi. Adui yake ni jua: likiipiga kila siku, vile vilainisho vilivyomo vinatoka, inakauka na kupasuka. Kwa hiyo kochi la reksini usiliweke mbele ya dirisha lisilo na pazia.

Namna ya kupima dukani: kunja kona kwa nguvu kisha ikunjue. Ikibaki na mstari mweupe, iache. Kwaruza kwa ukucha uone kama rangi inatoka. Vuta kidogo kila upande uone kama inarudi. Na uinuse. Harufu kidogo ya plastiki ni kawaida na inapungua ukiianika kivulini siku mbili tatu, ila ile inayochoma pua na kuumiza kichwa usiipeleke nyumbani kwenye watoto.

Sasa kwa mwenye hela ndogo, aanzie wapi? Asianze na kochi. Aanze na meza ya chakula, kwa sababu ndiko kunakomwagika mchuzi kila siku. Akipata tena, viti vya meza ile. Vile viti vya mbao vyenye kikalio cha kufungua kwa skrubu unaweza kuvivalisha mwenyewe: fungua kikalio, pima, kata na ziada ya vidole vinne, vuta ikaze, piga pini za stepla ya fundi kwa chini, rudisha skrubu. Viti vinne ni kazi ya Jumamosi moja. Vipande vinavyobaki usitupe. Tandika kwenye rafu za kabati la vyombo, ndani ya droo ya vijiko, chini ya chupa ya mafuta ya kula, juu ya meza ya kusomea watoto. Kipande kikubwa kiweke ukutani nyuma ya kiti cha mtoto anayejifunza kula uji, kwa sababu uji wa mtoto unakwenda mahali ambapo mtu mzima hawezi kufikisha kwa makusudi.

Ukimpelekea fundi cherehani, mwambie mapema. Hatua za mshono ziwe ndefu; tundu zikibanana, kitambaa kinakatika kwenye mstari kama tiketi. Asitumie pini kushikiza, tundu la pini halizibi; atumie vibanio vya nguo. Mguu wa cherehani ukigoma kuteleza, aweke karatasi nyembamba juu, ashone nayo, kisha aichane. Na pasi isipite kabisa upande wa plastiki. Ikiwa na mikunjo, ilaze kwenye joto la jua la asubuhi kwa muda mfupi itanyooka yenyewe. Kuhifadhi ni kuviringisha kama mkeka, siyo kukunja.

Usafi ni maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini, kisha kausha. Stili waya hapana. Jiki hapana. Thina na petroli kabisa hapana, utayeyusha pambo lako. Bizari na wino wa kalamu futa pale pale, ukiviacha vikalala vinahamia. Na hili watu wanalisahau: kila wiki inua plastiki ya meza ukaushe chini yake. Maji yakijificha hapo, mbao inaoza na ukungu unaanza, na wewe unaona juu kunang'aa tu.

Na siyo kila mahali, jamani, kwa sababu mimi siyo muuza plastiki. Karibu na jiko, iwe la mkaa au la gesi, usiweke. Inayeyuka, inashika moto na moshi wake ni mbaya. Sufuria ya moto iwekewe kikeka cha ukili au kibao. Kwenye kitanda cha mtoto, mpira ukae chini ya shuka, umebanwa vizuri na godoro, usiwe wa kulegea unaoweza kumfunika uso. Mtoto mchanga usimwekee karibu na kichwa kabisa. Na mto wa kulalia mtu mzima uache uwe wa pamba upumue.

Sasa turudi kwa wale tunaowaiga. Yule mtangazaji mwenye makochi ya rangi ya maziwa niliyemwambia moyoni nitafanana naye, kuna siku nilifika kwake. Nilimsindikiza rafiki yangu aliyekuwa anapeleka keki ya oda. Tulipokelewa vizuri tu, ila tulikalishwa barazani, kwenye viti vya plastiki. Mlango ulikuwa wazi, nikayaona makochi yale yale ya kwenye picha, yamefunikwa mashuka ya zamani. Watoto walikuwa wamekaa chini jikoni wanakula wali na dada wa kazi. Simsemi vibaya, nyumba ni yake. Ila nilirudi kwangu nikacheka peke yangu kwenye daladala, nimekaa kwenye siti ya reksini. Kumbe na yeye ni mlinzi wa makochi, mwenzangu.

Na hapo ndipo picha zinapotudanganya. Tunaona kochi, hatuoni shuka lililoondolewa dakika moja kabla ya picha. Kisha tunachukua hela ya mchezo, hela ya ada, tunanunua kitu ambacho hata mwenye pesa hawezi kukitumia. Halafu tunawapigia kelele watoto wetu ndani ya nyumba yao wenyewe.

Dada yangu uliyefuta picha, najua huku huwa unapita kusoma hata kama hutii neno. Irudishe. Weka na bibi, weka na plastiki yako ya maua, na ukipenda tuambie ulinunua duka gani maana ile rangi ni nzuri, mimi nimeipenda. Watakucheka siku mbili nyingine, halafu wataenda Kariakoo kimya kimya.

Na wewe msomaji, kabla hujaandika "ushamba" hapo chini, angalia kwanza nyumbani kwako. Kuna mtu anakula peke yake chumbani kwa sababu ya meza yako? Kuna mtoto anakaa sakafuni kwa sababu ya kochi lako? Kuna mzazi amekuambia huko alipo anapata upepo?

Haya, uwanja wenu. Nani ana reksini nyumbani na haoni aibu? Na mwenye fundi mzuri asiyekimbia na kitambaa cha mteja atuachie maujuzi, nina viti viwili vimebaki.